Risasi zinatawanyika: ubadilishe risasi, skrubu, kitako, triga au mtutu?

Wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa Julai, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia na bunduki yake ya .30-06, imezungushiwa kitenge kama mtoto mchanga. Nikamwamkia, akaitika, na kabla hajakaa vizuri akaanza: "Kijana wangu, mtutu huu umechoka. Nitafutie fundi mwenye leseni auweke mwingine." Nilipomwuliza kajuaje, akatoa karatasi ya shabaha mfukoni. Matundu matano, mita 100, na kutoka tundu la mwisho upande huu hadi la mwisho upande ule ni sentimita 14.

Kwa nyati, matundu yote hayo bado yanaingia kifuani. Kwa swala pala, ambaye sehemu ya moyo na mapafu ni kama kisahani cha chai, tundu la pembezoni ni mnyama aliyejeruhiwa, jua linazama, nanyi bado mnafuata matone ya damu kwenye miombo.

Mtutu wa mzee haukuwa umechoka. Lakini swali lake ndilo ninaloulizwa kila mwaka kwa namna mbalimbali: fedha niliyonayo inatosha jambo moja, iende wapi? Nitayaweka mambo mawili mawili na kusema mimi ningechagua lipi, na kwa bunduki ipi. Nazungumzia bunduki ya bolti ya kuwindia, ile unayovuta mkono wake nyuma na kuusukuma mbele kupakia kila risasi: Mauser 98 na uzao wake, zile Brno na CZ zilizojaa huku kwetu, Winchester Model 70 iliyoanza 1936, na Remington 700 iliyoingia sokoni 1962. Bunduki za mashindano zina wenyewe. Na ndugu zangu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, haya yatawafaa kwenye uwanja wa shabaha.

Bunduki au mpigaji?

Wapigaji hupima mtawanyiko kwa MOA, yaani dakika ya pembe: sehemu 1 ya 60 ya nyuzi moja. Kwa mita 100 ni kama milimita 29. Bunduki ya kawaida ya kiwandani iliyo nzima, ikipata risasi inayoelewana nayo, huweka matundu matano ndani ya MOA 1.5 hadi 2, yaani kati ya sentimita 4 na 6. Hapo ni juu ya meza, mbao iliyo chini ya mtutu imelala kwenye mfuko wa mchanga.

Porini hakuna meza. Kuna fito tatu zilizofungwa kwa mpira wa tyubu, kuna pumzi inayopanda na kushuka, na kuna msoma nyayo anayekunong'oneza "piga, piga" wakati wewe hata mnyama hujamwona. Chukua mtu ambaye kwenye fito mikono yake peke yake inatawanya sentimita 12, na bunduki yake peke yake inatawanya 6. Makosa haya hayajumlishwi kama kilo za unga. Yanajumlishwa kwa mraba: 12 mara 12 ni 144, 6 mara 6 ni 36, jumla 180, kipeuo chake kama 13.4. Mtu huyo akamlipe fundi, bunduki ishuke hadi 3. Sasa ni 144 na 9, jumla 153, kipeuo 12.4. Amenunua sentimita moja. Aiache bunduki ilivyo, afanye mazoezi mpaka mikono ishuke hadi 8: 64 na 36 ni 100, kipeuo 10. Sentimita tatu na ushei, bila fundi.

Basi kabla hujafungua skrubu yoyote, piga matundu matano mezani, acha mtutu upoe, kisha piga matano kwenye fito. Kama mezani ni 5 na kwenye fito ni 16, funga mfuko wa fedha. Unachohitaji ni dakika kumi kila jioni za kufyatua bila risasi: hakikisha chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu, hakikisha tena, elekeza bunduki penye ukuta salama, weka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, kisha bonyeza triga. Sarafu ikidondoka, umemwona mchawi wako. Bunduki nyingi za kisasa za risasi kubwa hazidhuriki kwa zoezi hili; .22 ndiyo usiifyatue tupu, maana pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba.

Wenye .375, bunduki kubwa za nyati, wana ugonjwa mwingine, kuogopa teke. Mpe mwenzako akupakilie, mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi, usijue ipi ni ipi. Ikija ile bandia utaona mwenyewe mdomo wa mtutu unavyochungulia chini. Hakuna kitako wala darubini inayotibu hilo.

Risasi nyingine au brashi na dawa?

Tuseme mezani kwenyewe matundu yametawanyika. Watu wengi hukimbilia kununua risasi za aina nyingine, na mara nyingi wako sahihi. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kuchagua tofauti: hii inazipenda za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ile inazitema na kuzikumbatia za greni 180. Hilo hulijui mpaka upige. Tena risasi ikibadilika, hata matundu yakikusanyika, huhamia mahali pengine kwenye karatasi, kwa hiyo darubini lazima irekebishwe upya. Mzee wangu, nilipomwuliza zile tano zilitoka boksi lipi, alijibu kwa fahari: "Nilikuwa na mbili za hizi na tatu za zile." Sehemu ya zile sentimita 14 ilikuwa hapo hapo.

Lakini mimi huanza na brashi, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa kupima risasi kwenye mtutu mchafu ni kudanganywa. Shaba ya risasi hubaki kwenye mifuo ya ndani ya mtutu, safu juu ya safu. Dawa yenye amonia huiyeyusha: kitambaa cheupe kikitoka na rangi ya buluu, bado ipo. Rudia mpaka kitoke cheupe, paka mafuta kidogo, na kabla ya kupima piga risasi mbili au tatu za kuuzoesha mtutu. Risasi za shaba tupu, zisizo na madini ya risasi (lead) ndani, nyingine huacha shaba nyingi zaidi, kwa hiyo anayezitumia asafishe kwa karibu zaidi.

Ukisafisha, ingiza fimbo kutokea nyuma, upande wa chemba. Kila aingizaye fimbo kutokea mdomoni anakwangua ukingo wa mwisho unaogusana na risasi, na ukingo huo ukiwa na jeraha upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi ikiwa ndiyo kwanza imeachiwa. Jaribio lake ni pamba ya masikio: izungushe polepole kwenye ukingo wa ndani wa mdomo. Ikinasa nyuzi, kuna kikwaruzo. Fundi anaweza kukata milimita chache na kuchonga mdomo mpya, kazi ndogo ukiilinganisha na mtutu mzima, na nimeona "mitutu iliyokufa" ikifufuka kwa hiyo tu.

Kati ya hizi mbili, basi: safisha kwanza, kisha aina tatu za risasi, si kumi. Kila aina ipigwe makundi mawili au matatu ya matundu matano. Kundi moja la matundu matatu halisemi kitu. Hata bunduki mbovu hubahatisha matundu matatu ya kugusana, na mwenyewe akaibeba ile karatasi kwenye pochi miaka kumi.

Darubini mpya au skrubu za zamani?

Hapa sina maneno mengi. Skrubu. Kabla ya kuilaumu lenzi, shika darubini kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine, jaribu kuikunja. Kisha toa darubini kabisa uangalie skrubu za msingi wake, zile zilizofichwa chini ya pete, kwa sababu pete zinaweza kuwa zimekaza barabara huku msingi unacheza. Safisha skrubu mafuta, tia tone la Loctite ya buluu, gundi ya kuzuia skrubu kulegea, kwenye zile za msingi, kaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Za pete ni kama nyutoni-mita 2. Ukizidisha unaibana bomba la darubini mpaka kioo cha ndani kinakwama.

Bunduki ya mzee: skrubu ya nyuma ya msingi niliigeuza kwa kucha.

Darubini yenyewe ipime hivi. Ukiwa mezani, piga moja, zungusha mibofyo 20 kulia, piga, 20 juu, piga, 20 kushoto, piga, 20 chini, piga. Tundu la tano likirudi kwenye la kwanza na matundu yakatengeneza mraba, darubini ni nzima. Mraba ukiwa umepinda kama kitanda cha kamba, tafuta nyingine. Kwa .375 na zaidi, kipimo cha kwanza cha darubini ni nafasi ya jicho. Chini ya sentimita 9 utarudi kambini na alama ya nusu duara juu ya nyusi, na wenzako watajua bila kusimuliwa.

Kitako: kuchonga, kumwagia epoksi, au kununua kipya?

Hapa ndipo ubishi ulipo, na ndipo fedha nyingi hupotea. Nikisema kitako namaanisha mti wote, tangu begani hadi chini ya mtutu. Mbao ni kitu hai. Masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na chuma kilicholala juu yake husukumwa huku na huku. Ndiyo maana bunduki iliyorekebishwa Machi mjini inaweza kupiga pembeni Agosti kule pori la akiba la Rungwa ingawa hakuna aliyeigusa.

Njia ya kwanza ni kuuachia mtutu hewa, usiguse mbao popote kutoka mbele ya chemba hadi ncha. Kuupima ni rahisi: kunja noti mara moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao, ivute kurudi nyuma. Kwa bunduki ya mzee noti ilikwama vidole vinne tu kutoka kwenye ncha. Tiba yake ni msasa uliozungushiwa kijiti, subira, na mwisho mafuta au vanishi juu ya mbao iliyochubuliwa. Ukiiacha wazi itakunywa maji mara mbili ya mwanzo.

Ila usikimbilie msasa. Kuna bunduki, hasa zenye mtutu mwembamba, ambazo kiwanda kiliacha makusudi kinundu cha mbao kwenye ncha kiubonyeze mtutu kwenda juu kidogo, na mtutu huo ukiachiwa hewa hutetemeka vibaya na matundu yakapanuka. Mbao iliyokatwa hairudi. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa kitu kinachotoka: kata vipande vya kadi ngumu, viweke chini ya bodi ya chuma, ile inayobeba bolti na kushika mtutu, mbele na nyuma, mpaka mtutu uinuke na noti ipite, funga skrubu, nenda ukapige. Matundu yakikaribiana, chonga. Yakitawanyika zaidi, toa kadi na ushukuru hukushika msasa.

Njia ya pili ni epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, na hii inatibu ugonjwa tofauti. Chini ya bodi kuna jino la chuma linalobeba teke lote na kulipeleka kwenye mbao. Jino hilo likiwa na upenyo, kila risasi inaiweka bodi mahali papya kwa unywele mmoja, na unywele mmoja kwenye bodi si unywele kwa mita 200. Fundi huchimbua mbao kidogo kuzunguka jino, hujaza epoksi iliyochanganywa na unga wa chuma au nyuzi za kioo, huilaza bodi juu yake, na siku ya pili anapata kitanda kilichochukua umbo la chuma chako na si cha mtu mwingine. Siri ni kwamba kila penye chuma lazima pakwe kitu cha kuzuia kunata. Wengi hutumia Kiwi, hii hii ya viatu, tabaka mbili. Akisahau sehemu moja, bunduki na kitako vimeoana. Mbele, pembeni na chini ya jino hubandikwa utepe ili pabaki nafasi, jino liegemee upande wa nyuma tu. Akiweka pia nguzo ndogo za alumini kwenye matundu ya skrubu, chuma kinakaza juu ya chuma na mbao haipondwi tena.

Kwa .30-06 ningechonga kwanza, epoksi baadaye kama bado kuna tatizo. Kwa .375 H&H (Holland & Holland), risasi iliyozaliwa 1912 na inayorusha greni 300, naanza na epoksi hata kama matundu ni mazuri. Sababu si karatasi. Ni kwamba kitako cha mbao kisicholiegemeza jino vizuri hupasuka nyuma ya mkia wa bodi, mara nyingine ufa unaanzia ndani, penye magazini, na wewe unaugundua siku nyati amesimama.

Njia ya tatu, kitako kipya cha sintetiki. Hapa angalia unachonunua. Kitako cha nyuzi za kioo, au cha mbao za tabaka zilizogandishwa, ni dawa kamili ya masika. Lakini vile vya plastiki nyepesi ya kumiminwa ni laini upande wa mbele: ukiilaza bunduki kwenye fito na kuegemea, plastiki inapinda na kugusa mtutu. Mezani ukiwa umeweka mfuko mahali pamoja huoni kitu. Porini, leo umeegemea hapa, kesho pale, risasi nazo zinafuata. Ishike ncha ya kitako na mtutu kwa kiganja kimoja, kamua. Vikigusana kirahisi, kitako hicho ni cha kuegesha ukutani. Mbao ya zamani yenye epoksi inakishinda.

Baada ya kazi yoyote ya kitako, skrubu mbili za kukifunga zikazwe kwa kipimo kile kile kila siku. Mbao tupu huvumilia kama nyutoni-mita 4 hadi 4.5, penye nguzo za alumini unaweza kufika 7. Kuliko namba yenyewe, kilicho muhimu ni usiibadilishe.

Triga: kuirekebisha au kuitupa?

Triga nzito haitawanyi risasi, inakutawanya wewe. Ukivuta kilo 3 kwa bunduki ya kilo 4, bunduki lazima isogee. Kwa kuwindia, kati ya kilo 1.5 na 2 panatosha, na triga nyingi zina skrubu ya kufikia hapo mikononi mwa fundi. CZ 550 zina ujanja wake: ukiisukuma triga mbele inakuwa nyepesi kama manyoya. Ni raha kwa swala aliyesimama mbali. Kwa nyati kwenye kichaka, mikono ikitetemeka, isahau kabisa.

Triga ya kununua, kama za kampuni ya Timney, ni nzuri na hufungwa bila kuchonga bodi kwa bunduki nyingi. Ningeinunua tu kama ile ya zamani inakwaruza au fundi amekiri haishuki. Na yoyote ile ikishaguswa, chemba tupu, koki, gonga kitako sakafuni juu ya mkeka mara kadhaa, sefti, yaani kizuizi cha usalama, ikiwa imewekwa na ikiwa imetolewa. Ikijifyatua hata mara moja haitoki nje ya karakana.

Mtutu mpya

Nimeuweka mwisho kwa sababu ndiko unakostahili kukaa. Mtutu wa bunduki ya kuwindia hupigwa risasi chache kwa mwaka. Kuumaliza kwa kupiga ni kazi ya miaka mingi. Unaoharibika kweli ni ule ulioachwa na kutu, au mifuo imelika mbele ya chemba, na fundi akiingiza kamera ndogo ndani utaona mwenyewe. Hapo linganisha mtutu na bunduki nyingine kabisa, kwa sababu kuna gharama ya kuuagiza, kuna fundi mwenye mashine na leseni ya kuufunga na kupima chemba, na kama namba ya silaha imechongwa kwenye mtutu na ndiyo iliyo kwenye kibali chako, kuna safari za polisi kabla hujakata chuma chochote. Kwa Brno au Mauser yenye bodi nzuri ningejitaabisha. Kwa bunduki ya bei rahisi, hapana.

Na ile .30-06? Tulisafisha mtutu jioni mbili, kitambaa kikatoka buluu kama wino. Skrubu za msingi zikakazwa. Risasi zote zikatoka boksi moja la greni 180. Matundu matano: sentimita 7. Kadi zikawekwa chini ya bodi, zikashuka hadi 5, ndipo fundi akachonga ncha na kupaka mafuta. Tulipomaliza zilikuwa 4 na nusu, na mtutu ule ule wa siku zote. Kwenye fito mzee alianza na 17. Mwisho wa Juni alikuwa kwenye 11, sarafu haidondoki tena, na mkewe amezoea kumkuta ukumbini jioni amelenga kalenda.

Fedha ya mtutu alinunulia risasi, kadiri kibali kilivyoruhusu, na viatu. Juzi kanipigia simu kuniuliza kama darubini nayo huchoka.